Jina Lililofungiwa Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Novemba

Imekataa tena. Nimebonyeza kitufe, feni ikazunguka, nikakaa sawa kwenye kiti. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kifaransa: tarehe na saa hazijulikani, bonyeza F1. Nikabonyeza F1. Ikaja rangi ya buluu kufumba na kufumbua, ikajizima, ikaanza upya yenyewe. Nyeusi, F1, buluu. Nyeusi, F1, buluu. Nikaiacha ijichoshe, nikaenda kusonga bukari.

Ilifanya hivi hivi mwezi uliopita. Fidèle alipokuja likizo kutoka Kolwezi aliingia kwenye mipangilio ya ndani, akagusa kitu, ikawaka vizuri siku zote alizokuwa hapa. Mume kaondoka, kompyuta imesusa. Nimempigia simu. Anasema aligusagusa tu, hakumbuki alichogusa. Mwanaume huyu!

Jumatano, 5 Novemba

Mvua kubwa, radi juu ya paa. Kaku, mama mkwe wangu, kazunguka nyumba nzima akichomoa kila kitu ukutani: friji, televisheni, kompyuta. Anafanya hivyo kila radi ikilia na kila umeme ukikatika, tangu siku umeme uliporudi kwa nguvu ukaunguza televisheni yetu ya kwanza. Karibu mtaa wetu wote wa Hewa Bora unaishi hivyo. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Leo nimebadilisha waya. Nimepuliza vumbi. Nimeomba. Nyeusi, F1, buluu.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Naogopa. Ndani ya kompyuta ile mna maisha ya Kaku. Mwaka jana kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kiti chake, akasimulia, nikachapa. Ndoa yake kule Kasai, treni, kufika mjini hapa, watoto, msiba. Kurasa nyingi. Mwaka huu hawezi tena kusimulia vile. Jana kaniuliza kama Fidèle amekula. Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Fidèle yuko Kolwezi.

Na nakala sikuweka popote. Nilikuwa nangoja kupata flash nzuri. Ovyo kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Ruth binti yangu kajifungua! Msichana, mzito, analia kama mwenye madai. Mama na mtoto wazima. Nimecheza kwenye varanda, jirani kacheza na mimi bila kuuliza sababu.

Mchana tukaenda maternité, kwenye wodi ya wazazi, na Kaku. Tangu zamani Ruth alimwahidi kuwa mtoto wa kwanza yeye ndiye atamchagulia jina. Kaku akampokea mtoto, akasema bila kusita: atabeba jina la yule mama wa gare. Akafungua mdomo alitaje. Jina halikuja.

Habari hiyo tunaijua wote. Kaku alishuka kwenye treni hapa Lubumbashi bado msichana, bibi harusi, sanduku mkononi, na mume hakuwapo kumpokea. Barua ilikuwa imepotea. Watu wakaisha wote pale gare, stesheni ya treni. Mama mmoja wa kabila la Wabemba aliyekuwa akiuza samaki wakavu akamwona, akamchukua kwake, akamlisha, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, asubuhi wakaenda pamoja kumtafuta mume. Baadaye mama huyo akahamia upande wa Zambia, hawakuonana tena. Kaku husema bila mama huyo sisi wote tusingekuwapo.

Habari tunaijua. Jina hatulijui. Nililichapa kwa vidole vyangu hivi, na mimi silikumbuki. Kila mara tumesema "mama wa gare", "mama wa gare", basi.

Kaku akajaribu. Mwape? Hapana. Mutale? Hapana. Akakasirika, akatuambia tunamchanganya. Halafu akalia. Sijamwona akilia tangu mazishi ya mumewe. Nilitaka kuvunja kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeipeleka kompyuta kwa Papa Delphin, fundi wa karibu na soko. Nimeibeba mapajani kwenye teksi, mikono yote miwili. Kahangaika nayo sana, lazima niseme. Kwake nako, nyeusi, F1, buluu. Mwishowe akafuta jasho.

"Système iliharibika, mama. Dawa ni ku formater tu."

Nikamuuliza maandishi yangu je.

"Ile yote itaenda."

Nikamwambia mashine yangu ataigusa akiniona nimekufa. Kacheka. Mimi sikucheka. Nimerudi nayo nyumbani, nimeiweka mezani, Kaku kaja kuifunika na kitambaa chake cha kufuma. Tumekaa kama kuna maiti sebuleni.

Jumatatu, 10 Novemba

Ruth yuko kwake, mtoto ananyonya vizuri, hana jina. Upande wa baba yake wameanza kunong'ona. Shangazi yake mmoja kaleta orodha kichwani: Grâce, Merveille, Divine. Majina mazuri, sikatai. Kaku kamkazia macho.

"Mungoje. Itanirudilia."

Fidèle kasema kwenye simu tumwite mtoto Grâce, yaishe. Nimemkatia simu. Nina hasira naye kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria hivyo hivyo. Jioni nikaenda kwa Ruth, nikamwambia asijibane, ampe jina analotaka, Kaku atasahau hata kama aliahidiwa. Maneno yakanitoka hivyo, mabaya. Ruth kaniangalia kama hanijui. Kasema yeye anamngojea Kaku.

Nimeona aibu njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 12 Novemba

Saa ya jikoni imesimama. Kaku ndiye kaona. Anaitazama kwa ajili ya dawa zake, hiyo haisahau. Nikapanda kwenye stuli, nikaishusha, nikatia betri mpya. Ikaanza kutembea. Umeme haukuwapo tangu asubuhi, nyumba nzima imekufa, saa inatembea.

Nikabaki nimesimama juu ya stuli.

Kompyuta inasema kila siku kwamba tarehe haijulikani. Ukiingia kwenye mipangilio yake inakuonyesha Januari ya zamani, ya enzi Ruth yuko bado shule ya msingi. Sasa Kaku akiichomoa ukutani, nani anaishikia saa? Kama saa ya ukutani ina betri, na hii je?

Nikampigia Papa Delphin. Nikamuuliza hivyo hivyo. Akapiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Eh mama! Njo pile! Iko na pile mudogo mule ndani. Pale sikuangaliaka!"

Kanieleza polepole. Betri hiyo ikifa, kila ukichomoa waya mashine inasahau saa yake na mipangilio yake yote, hata namna ya kusoma diski yake yenyewe. Ndiyo maana inazunguka tu. Kwake nako niliifikisha imechomolewa, vipi ingekumbuka? Na Fidèle alipogusagusa aliirudishia mipangilio, ikadumu mpaka radi ya kwanza baada ya yeye kuondoka. Maandishi huenda yako salama. Huenda. Neno hilo nimelishika kwa mikono miwili.

Nikamweleza Kaku. Kacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe na yeye anasahauka!"

Akaondoa kitambaa chake juu ya kompyuta, akaipigapiga mgongoni. Namna hiyo alikuwa akimpigapiga Ruth akiwa mdogo.

Alhamisi, 13 Novemba

Papa Delphin kaja mwenyewe. Kafungua ubavu wa kompyuta, kaing'oa betri, kitu kidogo kama kifungo cha koti. Kaweka nyingine. Kaingia kwenye mipangilio, kaandika tarehe ya leo, kabadilisha neno moja kuhusu diski. Nyeusi. Hakuna F1. Hakuna buluu. Nimemshika bega fundi wa watu mpaka kalalamika.

Imewaka.

Ile picha yetu ya harusi ya Ruth ikajaa skrini. Nikamsukumia Papa Delphin kipanya, kanifungulia yeye. Kurasa ziko. Zote. Nikatafuta gare, nikamsomea Kaku kwa sauti, kuanzia sanduku na samaki wakavu mpaka kitanda. Mama Musonda. Musonda! Lilikuwa pale mwaka mzima.

Kaku alisikiliza mikono imeshikana.

"Nani alikuelezaka ibi byote?"

Nikamwambia, ni wewe, Mama. Akaitazama skrini muda mrefu.

"Basi ni kweli."

Nimempigia Ruth. Kalia, nimelia. Nimetia nakala kwenye flash, kwenye simu yangu, kwenye simu ya Ruth, kwa Fidèle Kolwezi. Papa Delphin kakataa kuondoka kabla ya kula.

Jumapili, 16 Novemba

Ruth kaja na mtoto baada ya misa. Mchana radi. Kaku kainuka, kazunguka na kuchomoa kila kitu. Nimemwacha. Nilikuwa nachambua mchele.

Mvua ilipotulia akampokea mtoto, akamtazama vizuri.

"Uyu anaitwa nani?"

Ruth kaniangalia. Nikajibu mimi: Musonda.

Kaku akamsogeza mtoto karibu na uso wake.

"Nilijuaka mama moya wa jina ile. Ku gare."

Akaanza. Treni, sanduku, watu wakaisha. Sikumkatiza. Alipofika kwenye kitanda akasema kwamba mama Musonda alimlaza upande wa ukutani, ili asianguke, yeye mwenyewe akalala ukingoni. Habari ya ukuta sijawahi kuisikia.

Nikachomeka kompyuta. Ikawaka mara moja, na tarehe ya leo. Nikakaa, nikaongeza ukuta.