Gogo la Mgomba na Shati la Feliksi

Jumatatu, 14 Julai 2003

Kwa Daftari hili, salaam na heshima. Yahusu: matumizi ya uwanja wa nyumba yangu, hapa Gungu. Madhumuni ya kuandika ni kuiweka hasira yangu mahali ambapo hakuna karani wa kuipoteza. Barua saba nimeipelekea ofisi inayotafuta watu waliopotea upande wa Kongo. Majibu – hakuna.

Ashraf, mpwa wa jirani yangu Mzee Hamdani, amerudi kutoka Dar es Salaam na kamera ya video. Anatengeneza filamu kwa nguvu zake mwenyewe, bila kampuni. Habari yenyewe ni ya familia iliyopotelewa na kijana ziwani. Ameomba kurekodi uwanjani kwetu. Nikamtaka alete ombi kwa maandishi. Akacheka. Mke wangu Brigita akamwambia aje tu, na kwamba nafasi ya mama wa marehemu ataichukua yeye. Mimi sikuulizwa!

Jumanne, 15 Julai

Iandikwe wazi: mwanangu Feliksi si marehemu. Aliondoka Ilagala mwezi wa Novemba kwa boti ya injini, kwenda kuwavusha wakimbizi. Boti haikurudi. Hakuna aliyeiona ikizama. Ng'ambo watu wametawanyika hadi milimani, na majina yao hayajasomwa na yeyote.

Kwa akina Brigita, aliyepotea bila mwili huzikiwa gogo la mgomba badala yake. Likishafukiwa, wafiwa hunyolewa na matanga huanuliwa. Kaka yake, Nathaniel, amekuja mara mbili kunishawishi. Nimekataa mara mbili. Gogo likiingia ardhini, ukoo mzima utamhesabu Feliksi maiti, hata kama yuko mahali anakula.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepokewa! Bi Skolastika wa ofisi ile amenipa kiti. Orodha ya wanaotafutwa inapelekwa ng'ambo Jumatatu, saa mbili asubuhi, na jina la Feliksi litaingia. Sharti ni moja: nitie saini kwamba familia haijamzika. Amesema wamechoka kuwatafuta watu ambao kwao wameshaliliwa na kumalizwa.

Njiani Mzee Hamdani aliniona na fomu mkononi. Akauliza kama hata ugali namwomba mke wangu kwa nakala tatu. Nilicheka. Tangu Novemba sikuwa nimecheka.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikwenda kununua kalamu nzuri kwa ajili ya ile saini. Kurudi, nikakuta shimo nyuma ya jiko. Wanawake wa mtaa wamejifunga kanga, wanalia mbele ya kamera. Shimoni gogo la mgomba, limeviringishwa shuka jeupe. Nikasimama pembeni nisiharibu kazi ya watu. Ashraf akatangaza kwamba imetosha, wapumzike. Wanawake wakanyamaza.

Brigita hakunyamaza. Aliendelea kufukia kwa mikono, akisema kwa Kiha, polepole, "Genda amahoro, mwana wanje." Anamuaga mwanawe, aende kwa amani! Ashraf akaja kwangu akisema shikamoo Mzee, mama anaigiza vizuri kuliko wote.

Ndipo nikaiona kola ya bluu chini ya shuka. Shati la kwaya la Feliksi. Shati hilo Ashraf hakuliomba. Na mlangoni mwa jiko ameketi Nathaniel, na wembe, na beseni la maji. Nathaniel hana nafasi yoyote katika filamu!

"Mama Feliksi," nikasema, "hii ni filamu."

"Ya Ashraf ni filamu. Mimi nimemzika mwanangu."

"Na fomu yangu?"

"Saini. Lakini usiandike familia. Andika wewe."

Akainamisha kichwa, kaka yake akamnyoa.

Jumamosi, 19 Julai

Brigita amelala hadi jua limetoka. Miezi minane hajapata usingizi kama ule. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nimemfokea Ashraf mbele ya mjomba wake. Nimemwita mwizi wa misiba. Aliapa hakujua; yeye alidhani ni mchezo wa filamu tu, kumbe Brigita aliufanya mchezo huo njia ya kuzika. Ili kujitetea akanionyesha mkanda kwenye kioo kidogo cha kamera. Nilitazama nipate ushahidi dhidi yao. Pembeni mwa picha yupo mzee, fomu mkono mmoja, kofia mkono mwingine. Ameivua. Kabla ya kola kuonekana, kabla ya kujua lolote, ameivua na kuinamisha kichwa.

Sikumbuki kuivua. Nimemwamuru aifute picha hiyo. Amekataa, kwa adabu.

Jumapili, 20 Julai

Nathaniel hajaondoka. Anasema msiba wenye kichwa kimoja kisichonyolewa haujaisha. Brigita ameniwekea maji ya vuguvugu kwenye beseni, akaenda kanisani na kaka yake.

Mezani ipo fomu. Kando yake upo wembe. Jembe limeegemea ukuta wa jiko; udongo ungali laini, gogo linaweza kutoka kabla hawajatoka kanisani. Nikilifukua, nitatia saini bila uongo. Nisipolifukua, kalamu mpya haina kazi.

Maji yanapoa. Maombi yangu yote nimeyaelekeza kwa mtu mwenye cheo, na hili sijui nilielekeze kwa nani. Kwa hiyo naomba uamuzi, kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi: gogo litolewe, au libaki.