Gunia Langu Katika Gari la Bwana Gurmit

Dada yangu Nereah, soma barua hii peke yako.

Aliyeharibu gari la mashindano la Bwana Gurmit ni mimi. Si fundi wake Mathenge. Ni mimi.

Jana mvua ilinikuta nikitoka kusaga mtama, nikaliweka gunia langu la unga ndani ya buti la gari hilo, pale gereji. Sikumwambia mtu. Mathenge akaliona gari limeinama nyuma, akadhani springi zimechoka, akaongeza bamba moja la chuma kwenye springi ya kila upande ili ziwe ngumu zaidi. Jioni nikachukua unga wangu, nikaenda nyumbani.

Leo kwenye mashindano, bila gunia langu, gari lilikuwa jepesi mno kwa springi zile ngumu. Likarukaruka nyuma kama mbuzi, na kwenye kona ya Kisian Bwana Gurmit akaingia mtaroni. Alirudi na tope hadi kwenye kilemba.

"Mathenge, umenifungia springi za lori la miwa?" Mbele ya watu wote. Akamwambia asikanyage tena gerejini.

Nilikuwapo, Nereah. Nilinyamaza.

Jioni hii Mathenge alikuja kwangu, jirani mwema, akala ugali wa unga uleule. "Mama Owiti, sijui nilikosea wapi." Akarudia, sijui nilikosea wapi. Nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote.

Aliweka tonge chini. Nilingoja matusi.

Akauliza, "Gunia lilikuwa na uzito gani?"

Kisha akasema, "Libebe, Mama. Twende kwa Gurmit, tuliweke tena butini aone mwenyewe."

Amesimama mlangoni, ananingoja nimalize kuandika. Ugali wake ameuacha nusu.