Mashini Yenye Kuangalia Bajirani

Musonoi, Kolwezi

Mudogo yangu Ngoie,

Jambo yako ku Kongolo kule. Mi yaya yako, mukubwa wako, niko muzima, ni meno tu njo inaniacha. Goti yako inapona? Barua yako ilifika. Unasema nirudie mukini, kijiji yetu, juu niko peke yangu. Ngoja kwanza.

Unajua miaka mingi nilibeba muti ya kupimia bulongo, nyuma ya bapimaji. Hakuna kilima ya hapa sikukanyaga. Sasa bakubwa ba kazi balileta mashini, kompyuta yenye banaita ordinatère, ya kuonyesha muji utakuwa namna gani siku zenye kuja: fasi gani batu batabakia, fasi gani shimo ya shaba itafika. Na balitafuta nani? Mimi, mwenye sikumaliza kalasi ya tatu.

Ingénieur, Citoyen Mutombo, akafungua karatasi murefu kama kitambaa ya meza, yote imejaa herufi. M ni nyumba, maison ya Kifransa, C ni shimo, carrière. Nikamuonyesha kamuto, kale kajito ka maji, kenye mashini iliweka upande mubaya. Akakuna kichwa: "Tata, weye unapita mashini." Hiyo ueleze batu kule.

Kisha nikauliza fasi ya kwangu. Karatasi ya leo, M. Karatasi ya kesho, C.

"Juu ya nini?"

"Mashini inaangalia bajirani, Tata. Nyumba yenye kuzungukwa na nyumba, inabakia. Yenye kuwa yenyewe, shimo inaikula."

"Na mi niko na bajirani gani?"

Akatafuta na kidole, kisha akakunja karatasi.

Ni kweli. Tata Kalala wa mbele balimuhamisha. Mama Kapinga wa nyuma, naye alienda. Ninapika bukari, ugali yetu, na mikono ya zamani, sawa vile bibi yangu angaliko, na inabakia mu sahani.

Sirudi, Ngoie. Mutu mwenye kupita mashini hawezi kuikimbia. Lakini nyumba ya Kapinga paa yake ingali nguvu. Weye mujane, mi mufiwa. Panda treni, kuja na jembe na kuku. Ukiwasha moto pale, nitaita Citoyen aangalie tena. Anasema nyumba moja haitabadilisha kitu. Ni mutoto, hanijui.

Salimia shemeji wetu muvuvi na ule shangazi wa kwimba ku kanisa.

Mi yaya yako mubishi,
Kabamba

Mulango ya Kapinga balibeba. Nimeng'oa ya jikoni yangu, nimeifunga pale.