Nilisema Ijumaa kwa Makusudi

Mama Mshauri, usinihukumu kabla hujafika mwisho, naomba msaada wako.

Mimi ni Mbangladeshi, mume wangu anauza vitambaa hapa Bunia, tuko familia sita tunaokaa jirani jirani mtaa wa Lumumba na mimi ndiye mwanamke wetu wa kwanza kufika, miaka kumi na moja sasa, Kiswahili nilijifunza sokoni peke yangu, na corona ilipoingia, wateja wakiziba pua na kutuita Wachina, gari la matangazo likipita na Kifaransa cha haraka, wanaume wetu wakisikiliza simu za nyumbani tu kwamba tangawizi inatosha, mimi ndiye niliyewaeleza wanawake habari za barakoa. Kisha akaja Nasrin, mke wa shemeji yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupatana bei ya sombe, majani ya muhogo! Mama Bénédicte wa kituo cha afya alipotafuta mwanamke wa kupeleka habari jikoni kwetu, maana mwanamume mgeni haingii huko, alimchagua yeye, akampa jaketi la njano, na tangu hapo hata mume wangu akiumwa kichwa anasema, "Muulizeni Nasrin." Mama, wivu ulinikaba. Nikiona lile jaketi kwenye kamba ya nguo, nageuza njia.

Mwezi uliopita Nasrin, ambaye huniita Bhabi, yaani mke wa kaka, aliniambia, "Bhabi, chanjo ni Alhamisi, waambie nyumba tatu za upande wako." Nikazunguka nikisema, "Nasrin kasema Ijumaa, baada ya swala." Nani angeshuku? Ijumaa ndiyo tunafunga maduka. Wazee wakavaa nguo safi, wakafika kituoni, wakakuta timu imekwenda Nizi. Walimfokea Nasrin mbele yangu, naye akalia, akasema labda ulimi wake uliteleza aliponitajia siku. Mimi nilifurahi, sikufichi, nikapika wali wa maziwa.

Sasa Khala Rokeya, mama mkubwa wa mume wangu, mwenye ugonjwa wa sukari, anakohoa siku ya nne, pumzi inambana, na kituoni hataki, anasema maneno ya Nasrin ni uongo. Jana Mama Bénédicte alibisha mlangoni kwetu, "Bamama, mufungue mulango, ule muzee iko anakohoa sana!" Hakuna aliyefungua, hata mimi. Nikisema ukweli, mume wangu atanirudisha kwetu. Nifanye nini?

Shirin

*

Shirin, majina yote nimebadilisha, na simu yako haipokelewi, kwa hiyo nakujibu hapa redioni.

Ulifanya kazi kubwa bila kuambiwa asante, na hilo linauma. Mumeo alikosea, na siku moja utamwambia. Si leo. Leo kuna mama anayekosa pumzi, na wewe unaniandikia habari za jaketi! Huoni aibu? Uliona mwenzio analia kwa kosa lako, ukaenda kupika wali wa maziwa. Njia ya mwongo ni fupi, nawe yako imeishia kitandani kwa Khala.

Usinitume mimi nikusemee, wala Bénédicte. Mlango ule haufunguliwi na mtu wa afya, unafunguliwa na ukweli, na ukweli unao wewe peke yako. Ingia jikoni sasa, waite wanawake wote na Nasrin awepo, useme kwa lugha yenu: "Aliyebadilisha siku ni mimi." Usieleze sana. Kisha mshike Khala mkono, Nasrin amshike mwingine, mumpeleke kituoni kabla ya jua kuzama, na muwaambie wauguzi kwamba ana sukari.

Mumeo atakasirika. Afadhali akukasirikie Khala akiwa hai.

Zima redio, mama. Nenda.