Nendak Hajaimba

Jumapili, 4 Juni

Sijamwambia mtu: Babu anaamini amekuwa kiziwi. Alininong'oneza leo asubuhi msituni. "Chendai, masikio yangu yamekufa. Mama yako asijue." Yeye ndiye msikilizaji wa ndege wa nyumba yetu ndefu, kijiji kizima chini ya paa moja. Mpaka amsikie nendak, ndege wa ishara, akiimba, hakuna familia itakayofyeka shamba la mpunga. Tunatoka alfajiri, tunarudi na ruba miguuni. Nimechoka.

Lakini hata mimi sikusikia kitu! Na jioni hii, nikifungua ukurasa taratibu kabisa, Babu kauliza, "Bado unasoma tu?"

Kiziwi gani huyo?

Jumatatu, 5 Juni

Kimya tena. Barazani jirani yetu Mama Kelali akamchokoza: "Mzee, huyo ndege wako kahamia mjini kutafuta kazi?" Wakacheka. Babu naye akacheka, kisha wali wake hakuugusa. Wanasema tukichelewa kufyeka, miti haitakauka, moto hautashika, mwaka mzima tutanunua mchele.

Nilitaka kumtetea. Nikainamia kitabu changu. Kama kawaida yangu.

Jumanne, 6 Juni

Nimejua!

Mama alinituma kwa Mjomba Entalai, kwenye kibanda chake cha shambani, nikaazime panga. Ndani — vizimba, vimefunikwa vitambaa vyeusi. Nikainua kimoja. Nendak! Mkia mrefu, kifua cha rangi ya chungwa, jicho moja limevimba. Vingine vyote hivyohivyo. Ndiyo maana msitu umenyamaza.

Mjomba akanikuta. "We msomi, funga mdomo. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Unadhani ada yako ya bweni naiokota mtoni?"

Nikarudi bila panga. Sijala. Kusoma pia siwezi.

Jumatano, 7 Juni

Babu aliwaita watu barazani jua likiwa bado juu ya vilima. Akakaa mkekani, akakohoa. "Wanangu, mimi basi. Tafuteni mwenye masikio." Akasema anaona haya kuwachelewesha. Hakuna aliyecheka, hata Mama Kelali. Mjomba alikuwa akimenya popoo, macho kwenye kisu.

Nikamtazama. Akatikisa kichwa, polepole.

Ndege wa ishara haingizwi nyumbani, najua. Kwa kosa hilo wazee wanaweza kutukataza kazi kwa siku nyingi. Najua pia nani anailipia shule yangu.

Nikashuka ngazi. Nikaenda kibandani, nikachukua kizimba kimoja, nikarudi nacho mbio. Watu wakanipisha. Mjomba akasema, "Chendai, mwanangu, ngoja kwanza." Nikakiweka mkekani mbele ya Babu, nikavuta kitambaa.