Gichuki Mwingine

Tabora, 1996

Dada Wanjiru,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Tetu, na kwamba ng'ombe wa mama amezaa salama. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, ndiyo maana nimetia karatasi mbili kwenye bahasha. Ile fupi msomee mama kama kawaida. Hii isome peke yako kwanza.

Unajua kazi yangu ni ile ile ya marehemu baba, kuchimba visima. Mwaka mzima tangu tumzike, bado namsikia kila mtambo unapoanza kunguruma. Mzee alitembea, jamani! Lodwar, Moyale, Uganda, hadi huku, na kila akirudi nyumbani ni kunifundisha. Alikuwa akichota udongo uliotoka chini anaulamba, kisha ananipa na mimi. "Onja wewe! Hii mchanga iko na chumvi, hapa ni maji ya ng'ombe tu." Nilikuwa nanuna, lakini kazi inayonilisha leo ni yeye aliyenipa.

Wiki iliyopita tulihamia kijiji kimoja nje ya mji. Fundi wa pampu wa hapo akaja kutusalimia. Nikamwuliza jina. "Naitwa Gichuki," akasema. Nikacheka, nikidhani ameulizia jina langu ili anitanie. Wapi! Ni jina lake, na amenizidi miaka mitano. Mama yake, Mnyamwezi, alikuwa akiwapikia wachimbaji. Baba yake alikuwa mchimbaji kutoka Kenya aitwaye Mwangi, kama baba yetu, aliyeondoka huyu fundi akiwa na miaka miwili.

Wanjiru, kwetu jina la babu hapewi mtoto yeyote tu. Hupewa mwana wa kiume wa kwanza. Mimi ni Gichuki kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Sasa baba alimpaje huyu jina hilo, kisha akanipa na mimi? Alisahau? Siku tatu sijui nimkasirikie nani. Nampenda mzee, na nina hasira naye, na hayupo nimwulize.

Huyu fundi mwenyewe hajui desturi zetu, wala hataki shamba. Anataka tu kuja kuliona kaburi. Nimeshindwa kumjibu, maana mama atamwuliza jina pale langoni, na akilisikia ataelewa yote kabla hajampa kiti. Je, tumwambie mama mapema, au nimzuie huyu bwana? Nisaidie, mimi nimekwama.

Jumapili alinialika kwake. Akaniuliza, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Nikaongea mpaka ugali ukapoa. Kisha akaingia mtoto wake mkubwa, wa miaka saba hivi.

"Huyu ni Mwangi," akasema. "Mzee aliacha maagizo kwa mama, kwamba nikipata mvulana wa kwanza nimpe jina lake."

Basi baba hakusahau. Alijua alichokuwa akifanya, na alikijua siku zote aliponishika mkono kunifundisha.

"Mwangi," akamwambia mtoto, "msalimie baba yako mdogo."

Maisha yangu yote nimekuwa mkubwa, dada. Nikaitika.

Nisalimie shemeji, shangazi wa Kangema, na jirani yetu katekista aliyetuombea kaburini. Mama mwambie ninakula vizuri. Nangoja neno lako kabla sijamjibu.

Ndugu yako,
Gichuki