Kuku wa Magige kapona

Danford wee, Magige akili yake kaisahau wapi?

Kile kifundo chake cha mguu kilichoteguka mwaka 84, aliporuka kutoka lori la sabuni za magendo, alikuwaga anakikanda kila asubuhi kwa maji moto na chumvi, na hadi kijiji cha Mugango anafika kwa miguu.

Sasa mganga mmoja kamwambia aache kukanda. Akamvunja kuku mguu, akaufunga: kuku akipona, na mzee kapona.

Mzee mzima akakubali! Mwezi mmoja tu, kifundo kimevimba, hata chooni anashikiliwa.

Leo mganga anamwambia, "Mbona kuku anakimbia? Wewe mvivu tu."

Mvivu! Magige!

Mzee akamgeukia mkewe: "Hyasinta, bandika maji!"

"Ya kukanda mguu au ya kunyonyoa kuku?"

"Yote!"